Mgeni Anaondokaje

Mimi nauza pembejeo mjini Mbinga: dawa za kahawa, mbegu za mahindi, mabomba ya kupulizia. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama dawa hii inaweza kuchanganywa na ile. Mkulima anasimama mbele yangu na chupa mbili, kila moja nzuri kwa nafsi yake, kila moja na maelezo yaliyokamilika, na hakuna hata moja inayoitaja mwenzake. Kazi yangu ni kusoma lebo zote mbili na kusema ndiyo au hapana. Sitafuti nia ya mtengenezaji, wala simtazami mkulima usoni nikajua anataka kusikia nini. Nasoma kilichoandikwa. Ndiyo maana mume wangu alipobuni mchezo wake wa kadi, na kadi zikaanza kugongana, nilipewa uhakimu bila mtu kupiga kura.

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati, Mnyasa wa upande wa Lundo, kule ziwani. Alipokuwa chuoni alicheza na wenzake mchezo wa kigeni ambao kila mtu huanza na fungu dogo la kadi dhaifu, halafu zamu hadi zamu ananunua kadi bora kutoka mezani na kuzitia katika fungu lake. Fungu likiisha unachanga upya kadi zako zote, za mwanzo na za kununua, unaanza tena kuvuta. Unacheza huku unajitengenezea cha kuchezea. Alipomaliza chuo hakurudi na mchezo wenyewe, alirudi na kumbukumbu yake. Basi akakata maboksi ya sabuni, akabandika karatasi nyeupe, akaandika kadi za kwetu. Unaanza na Jembe na Mbegu. Ukipata nguvu unanunua Mche wa Kahawa, Mtumbwi, Ngoro, Jiko. Ziko na kadi za balaa: Nguruwe, Mvua ya Mawe, Msiba. Mwenye mavuno mengi mwishoni ndiye mshindi, na katika nyumba yetu mshindi huwa ni binti yetu, ambaye yuko kidato cha pili na hana huruma.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa Ngoro. Mimi ni Mmatengo, nimezaliwa karibu na Litembo na kukulia kwenye hayo mashimo tunayochimba miteremkoni, nyasi zikiwa zimefukiwa chini ya matuta, ili maji ya mvua yatulie shambani badala ya kuteremka na udongo bondeni. Mume wangu aliandika katika kadi ya Ngoro: mvua haiondoi kadi zako. Siku moja ikachezwa Mvua ya Mawe, ambayo inamtaka kila mtu atupe kadi zote za mkononi. Binti akaweka Ngoro yake mezani akasema yeye hatupi kitu. Baba yake akasema haiwezekani, yeye alikusudia mvua ya maji. Wote wawili wakanigeukia.

Mimi ndiye niliyejua ukweli wa jambo hilo kuliko wote. Nimeyaona maharage ya mama yangu yamechanwachanwa na mvua ya mawe huku ngoro zikiwa imara kama zilivyochimbwa. Lakini kadi ilisema mvua, na mvua ya mawe ni mvua. Nikaamua binti abaki na kadi zake. Mume wangu akasema, "Wewe mwenyewe unajua si kweli." Nikamwambia najua, ila yeye ndiye aliyeandika. Alinung'unika siku kadhaa, kisha akachukua kalamu akaongeza maneno kwenye kadi. Nilifurahi sana, maana ndivyo ninavyoona mambo: kama umekosea kuandika, andika upya, usiniombe mimi nisome ambacho hakipo.

Mwaka huu baba mkwe alifariki. Alianguka nyumbani kwake asubuhi, mama mkwe akiwa ufukweni anaanika usipa, dagaa wa ziwani. Aliporudi jua limeshapanda ndipo alipomkuta sakafuni, na alikuwa ameshakufa. Mume wangu hakulisahau hilo hata kwa kutwa moja. Matanga yalipoisha alisema mama yake hawezi kulala peke yake katika nyumba ile, aje kwetu apumzike. Ndugu wote walikubali. Mama mwenyewe alikuwa amechoka kiasi kwamba angekubali chochote. Aliitikia kwa kichwa, tukapakia nguo zake, tukapanda naye Mbinga.

Alifika mwezi wa tatu. Nilimpa chumba cha jua, nikamnunulia blanketi zito, nikamkataza kufanya kazi yoyote. Hayo ndiyo malezi yangu. Mama mkwe akija kwako hagusi sufuria. Akigusa, majirani watauliza una mikono ya nini. Nilipotoka dukani nilimkuta amekaa kwenye kiti kilekile, koti la marehemu mabegani, anatazama kahawa ya jirani. Mara mojamoja nilimfumania jikoni amechambua maharage yangu yote, hata yale niliyoyatenga ya mbegu, na nilisema, "Mama, acha tu, pumzika," kwa sauti ambayo haikuwa ya upole kama maneno yenyewe. Aliacha. Alinawa mikono akarudi kitini.

Mwezi wa tano akaanza kuaga. Alisubiri tumemaliza kula, akamwambia mwanawe, "Mwanangu, nimeshiba, nimepumzika. Sasa naomba ruhusa niende kwangu." Na mume wangu akajibu kama sote tulivyolelewa kujibu: "Mbona mapema, mama? Hata hujakaa." Mama akatabasamu, akaenda kulala. Wiki iliyofuata akaaga tena, akajibiwa vilevile. Hakuna aliyemkosea adabu mwenzake. Kwetu mgeni haondoki kwa kuaga mara moja, na mwenyeji anayemwachia kirahisi ataonekana alikuwa anahesabu siku. Mume wangu alikuwa amepata mahali pazuri pa kujificha. Hakuwahi kumwambia mama yake hapana. Alimwambia mbona mapema.

Na mimi? Mimi nilijua kabisa kwamba mama anataka kwenda kwake kweli. Mwanamke hakosi kumjua mwanamke mwenzake aliyekaa katika nyumba isiyo yake. Lakini ningesemaje? Mume wangu akisema aende, ni mwana aliyemruhusu mama yake. Mimi nikisema aende, ni mkwe aliyemfukuza mama wa watu mwaka huohuo aliofiwa. Habari hiyo ingefika Lundo kabla ya mama mwenyewe, ingezungumzwa kanisani kwao na kanisani kwetu, Waanglikana na Wakatoliki wakawa kitu kimoja kwa mara ya kwanza. Nikafunga mdomo wangu.

Mwezi wa sita binti alirudi likizo, na baridi ya Mbinga ikashuka kama kawaida yake, ukungu mpaka saa nne, manyunyu jioni. Jumamosi mchana tulifunga duka mapema, tukawasha jiko la mkaa katikati ya sebule, kadi zikatoka. Bibi akavutiwa kwanza kwa kutazama, kisha kwa kumsaidia mjukuu wake kuiba, kisha akadai fungu lake mwenyewe.

Alicheza vibaya ajabu. Alipenda kadi ya Jiko kuliko zote na aliinunua kila ilipojitokeza, hata asipokuwa na chakula cha kupika. Binti alimwuliza, "Bibi, unafungua hoteli?" Akajibu kwamba nyumba isiyo na jiko ni ghala. Alivuta kadi ya ziada tulipokuwa tunakohoa. Akishindwa alinuna kabisa, akageuza kiti. Nilianza kumpenda upya katika michezo hiyo, maana mezani hakuwa mgeni mpole wa kwenye kiti. Alikuwa mama aliyewalea watu wenye kelele na alikuwa na kelele zake mwenyewe.

Ndipo Msiba na Mtumbwi vilipogongana. Kadi ya Msiba inasema kila mtu apumzike zamu moja. Kadi ya Mtumbwi inasema inachezwa hata zamu yako ikizuiwa. Mume wangu aliiandika hivyo kwa ajili ya kadi ya Upepo, ambayo nayo huzuia zamu. Binti alikuwa na Mtumbwi mkononi, na Msiba uko mezani. Nikasoma zote mbili, nikaona hakuna shida: mtumbwi uende ziwani, avute samaki wake.

Mama akaziweka kadi zake chini, wazi, kila mtu akaziona.

"Nani huyo anasukuma mtumbwi maiti ikiwa ndani?"

"Bibi, ni mchezo," binti akasema.

"Mchezo wa watu gani?" akauliza. "Siku tuliyomzika babu yako, uliona mtumbwi gani majini? Hata watoto hawakuoga."

Mume wangu alikuwa ameshashika kalamu. Alifuta, akaandika kwamba Msiba unazuia na Mtumbwi pia, na binti akanyang'anywa samaki wake mchana kweupe. Mimi nikakasirika. Sheria haibadilishwi katikati ya mchezo kwa sababu mtu mmoja ameguna. Niliwaambia kama ni hivyo wamtafute hakimu mwingine, nikaenda kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Lakini nilipokuwa nimeinama pale nilifikiri. Mimi nasoma kilichoandikwa. Mume wangu anauliza mwandishi alikusudia nini, na mwandishi ni yeye, kwa hiyo hashindwi. Mama hakujali maandishi wala makusudio. Aliuliza watu wanafanyaje. Njia yake ndiyo ambayo sikuipenda kuliko zote, kwa sababu huwezi kumwuzia mtu dawa ya kuvu kwa kuuliza watu wanafanyaje. Watu wanafanya mambo ya ajabu sana na dawa ya kuvu.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa nyuma yetu sote, amejaza Jiko fungu zima, hana mbegu. Mwanawe akamhurumia. Alikuwa na kadi iitwayo Karibu, ambayo hatukuwa tumeichezea sana, na inasema hivi: mchague mchezaji mmoja awe mgeni wako, kila zamu mpe kadi moja, balaa halimgusi, mgeni halimi, hapiki, hachoti maji. Akaiweka mbele ya mama yake akasema, "Karibu, mama."

Ukiitazama kwa hesabu, ni kadi nzuri mno kwa anayekaribishwa. Mume wangu alimpa mama yake kadi moja kila zamu, na hakumpa makapi. Alimpa Mche wa Kahawa, alimpa Ngoro. Nguruwe wakapita wakala kwangu na kwa binti, yeye wakamruka. Fungu lake likawa linanenepa huku amekunja mikono. Binti alianza kulalamika kwamba bibi atashinda bila kucheza. Na kweli angeshinda. Ila mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye, nikaona jinsi alivyokuwa anazipokea zile kadi. Alisema ahsante kila mara, akaiweka juu ya nyingine bila kuisoma.

Kisha zamu yake ikafika, akavuta Jiko. Akaliweka mezani kwa kishindo.

"Napika," akasema.

"Mama, wewe mgeni," mume wangu akasema akicheka. "Mgeni hapiki."

"Soma hapo." Akagonga kadi kwa kidole. Kadi ya Jiko inasema: mwenye Jiko anapika zamu yoyote, hakuna kadi inayomzuia.

Wakanigeukia, wote watatu. Nikazichukua kadi zote mbili, moja mkono huu, moja mkono ule. Ya kwanza inasema hapiki. Ya pili inasema hakuna wa kumzuia. Zimeandikwa na mtu mmoja kwa kalamu moja, na kila moja imejifungia mlango kwa ndani.

"Nia yangu," mume wangu akaanza, "ilikuwa mgeni aheshimiwe."

"Nimeheshimiwa vya kutosha," mama akasema.

Dukani, dawa mbili zinapokataana, silazimiki kumwambia mkulima aitupe moja. Namwuliza ya kwanza ameipulizia lini, na nguvu yake inakwisha lini. Siku zake zikipita, ya pili inaruhusiwa. Nikaona hiyo ndiyo njia. Tusiulize nani mkubwa kati ya Karibu na Jiko. Tuulize ugeni unakwisha lini. Nikaisoma Karibu tena, taratibu. Nikaigeuza nyuma, ingawa nyuma ni maandishi ya sabuni.

"Hujaandika mgeni anaondokaje," nikamwambia.

"Nani anaandika jambo kama hilo?" akasema. "Mgeni anaaga."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Mtu wa mbali akitengeneza mchezo huo ataandika mwisho wa ugeni kabla hajaandika mwanzo: zamu kadhaa, basi. Sisi tungeandika nini? Mgeni anaaga, mwenyeji anasema mbona mapema. Mgeni anakaa kidogo, anaaga tena. Hapo mwenyeji anainuka, anatafuta cha kumtilia mkobani, mkungu wa ndizi au kopo la maharage, anavaa viatu, anamsindikiza mpaka barabarani, na barabarani wanasimama tena muda mrefu. Kila mtoto wa huku anajua. Mume wangu hakuliandika kwa sababu hakuna anayeandika namna ya kuvuta pumzi, na kwa sababu hiyo kadi yake ilimwingiza mtu ndani na haikuwa na mahali pa kumtolea.

"Basi bibi aage," binti akasema. Alitaka tu mchezo uendelee.

Mama akaweka mikono juu ya magoti. Hakumtazama mwanawe, alitazama kadi.

"Naomba ruhusa," akasema. "Nataka kwenda kwangu."

Na mume wangu, kwa mazoea, na tabasamu la mchezo likiwa bado usoni, akajibu, "Mbona mapema, mama? Hata hujakaa."

Hakuna aliyecheka. Mama akainua macho.

"Hivyo ndivyo unavyonijibu tangu mwezi wa tano," akasema. "Naaga, unanijibu adabu. Naaga tena, unanijibu adabu. Sasa mwulize mkeo. Mwenyeji akikataa, mgeni anabaki mpaka lini?"

Nilitamani mkaa uzime, mvua inyeshe, mteja agonge. Mume wangu alinitazama kwa macho ya kunionya, na nilielewa onyo lake vizuri, maana ndio uliokuwa woga wangu mwenyewe: angalia unachosema, wewe ni mkwe. Kadi hazikuwa na jibu. Nilizisoma mara nyingine nikitumaini limefichwa mahali. 

"Kukataa kwa mwenyeji ni heshima," nikasema mwishowe. "Anakataa mara ya kwanza. Mgeni akirudia kuaga, mwenyeji hana tena la kukataa. Anavaa viatu."

"Umelisoma wapi hilo?" mume wangu akauliza.

"Sijalisoma. Ndivyo watu wanavyofanya."

Akaichukua kadi ya Karibu mkononi mwangu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Hilo ni la mchezo au la nyumbani?"

"Kadi ni yako, mchezo ni wako, mama ni wako," nikamwambia. "Umeniuliza, nimejibu."

Akainuka, akasema anakwenda kufunika kahawa. Tulikuwa na kichanja kidogo nyuma ya nyumba, na manyunyu yalikuwa hayajaanza. Nikamfuata. Nilimkuta amesimama na nailoni mikononi, hajafunika kitu.

"Unataka aende," akasema.

"Yeye anataka kwenda."

"Watasema umemfukuza."

"Watasema. Wameacha kusema nini kuhusu mahari, kuhusu mtoto mmoja, kuhusu duka? Bado niko hai."

Hapo ndipo alipolitoa la moyoni. Alisema baba yake alilala sakafuni asubuhi nzima. Labda aliita. Labda alikufa mara moja, labda hakufa mara moja, na hakuna atakayejua. Alisema kila simu ikilia kutoka ziwani anaogopa kuipokea. "Mama naye akianguka vile," akasema, "mimi nitakuwa nafundisha Pythagoras." Nilimwonea huruma. Niliwahi kudhani ni ubishi wa mtoto wa kwanza anayependa kuamua. Sikuwa na lebo ya kumsomea. Nikashika upande mmoja wa nailoni, tukafunika kahawa, tukarudi ndani. Binti na bibi yake walikuwa wameshazichanga kadi zote, hakuna aliyeuliza nani ameshinda.

Siku ya pili, baada ya ibada, nilimkuta mume wangu mezani na kadi ya Karibu na kalamu. Alikuwa ameandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki kidogo: mgeni akiaga mara ya pili, mwenyeji amsindikize, mwenyeji anapoteza zamu yake. Nilimwuliza kwa nini apoteze zamu, mimi sikusema hivyo.

"Lazima kusindikiza kumpunguzie mwenyeji kitu," akasema. "Kusipompunguzia kitu, basi alikuwa hampendi mgeni wake."

Nikajua tunakwenda Lundo.

Binti akabaki dukani, sisi tukakodi gari ndogo ya mzigo, tukateremka milima mpaka Mbamba Bay, kisha tukashika njia ya ufukweni. Masikio yaliziba na kuzibuka, joto likatupokea, mama akavua koti, akavua sweta, akavua kitenge cha juu, akawa anapungua kila kilomita. Maji ya ziwa yakaonekana. Alimwambia dereva apunguze mwendo tu, asije akaumiza kuku wa watu.

Mlango wake ulikuwa umevimba kwa unyevu, mume wangu akausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na vumbi na popo mmoja. Nilichukua ufagio, nikitazamia aniambie pumzika umetoka safari. Akasema, "Ukimaliza hapo, kuna muhogo wa kumenya, na kisu kiko juu ya kabati." Nikafagia, nikamenya. Alinipitia kutoka nyuma akasema namenya maganda manene, naupotezea muhogo unga. Sijui kwa nini nilifurahi vile.

Mume wangu hakukaa. Alikagua paa. Alipima kina cha maji ya kisima. Alimpa mama yake simu mpya yenye vitufe vikubwa, akamfundisha, akamfundisha tena. Alikwenda kwa majirani wa pande zote, akaacha namba zake. Kisha akapata nyundo akaanza kupigilia komeo la mlango wa chumbani, komeo lililokuwa zima. Dereva alikuwa ameshapiga honi. Mama alikuwa uani kwenye kigoda, anaparua mbasa aliyeletewa na jirani, magamba yanaruka mpaka kwenye nywele zake.

"Mama," mume wangu akasema kutoka mlangoni, nyundo mkononi. "Ukiogopa je?"

"Nitaogopa," akasema.

"Basi huku umefuata nini?"

"Hata kwenu nilikuwa naogopa, mwanangu. Naamka naona baba yako hayupo, nauma shuka nisilie, nasema wenye nyumba wamelala, wana kazi kesho. Miezi yote ile sijalia hata siku moja. Hapa nitalia kwa sauti. Watu watasikia, watakuja."

Mume wangu aliweka nyundo chini, akakaa kwenye kizingiti, akalia yeye, kwa sauti, mbele yangu na mbele ya dereva. Mama yake hakumnyamazisha. Alimwacha alie mpaka akamaliza, huku akiendelea kuparua samaki.